Kurudi Mbioni Katika Umri wa Makamo: Somo Kutoka Ufuko wa Ziwa Mweru



Somo letu la leo linahusu miguu, moyo na daftari. Limeandikwa kwa ajili ya mfanyakazi aliyekimbia alipokuwa mtoto, akaacha kwa miaka ishirini na zaidi, na sasa angependa kurudi. Baada ya kulisoma somo hili utaweza:

(a) kueleza kwa nini nguvu za mtu wa makamo zaweza kurudi;
(b) kupanga wiki 12 za kuanza bila kujiumiza;
(c) kuweka daftari la maendeleo lisilokudanganya;
(d) kuzitambua siku ambazo haifai kukimbia.

Inafaa somo lisomwe kwa sauti katika kikundi, na maswali yaliyo mwishoni yajadiliwe na wote.

1. CHANZO CHA SOMO

Mimi ni dereva wa lori. Nyumbani ni Mbeya, lakini kwa miaka 19 nimekuwa nikipakia dagaa wakavu, ambao wenyeji huwaita chisense, katika ufuko wa Nchelenge na Kashikishi, mkoa wa Luapula nchini Zambia, na kuwapeleka Mansa na miji ya Copperbelt. Kwa wasiopafahamu, Nchelenge iko kwenye ukingo wa Ziwa Mweru. Ziwa hilo lina kilomita za mraba zipatazo 5,000, na uso wake uko kiasi cha mita 920 juu ya bahari. Mto Luapula huingia kutoka kusini, na maji hutoka kaskazini penye mji wa Pweto kwa mto Luvua. Ng'ambo ya magharibi ni Kongo. Lugha ya Nchelenge ni Kibemba, lakini Kiswahili kinasikika sokoni kwa sababu ya wachuuzi wavukao kutoka Kongo na sisi tutokao Tanzania.

Mwaka juzi, mwezi wa nne, gari langu lilishindwa kufika penye mzigo kwa sababu ya mchanga. Ikabidi tubebe magunia mpaka barabarani, mwendo wa mita mia moja hivi. Gunia la kwanza nilibeba. La pili nilibeba. La tatu liliniangusha magoti. Nilikaa mchangani, moyo ukidunda hata masikioni. Utingo wangu, kijana wa miaka 22, akasema kwa upole, "Bamudala, pumzikeni. Nitamaliza mimi." Bamudala ni neno la heshima kwa mtu mzima. Siku ile heshima ile iliniuma.

Jioni nilikwenda kupimwa. Muuguzi alipima presha mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa 158 kwa 98. Akaniuliza kama kuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kupatwa na kiharusi. Nikamwambia, marehemu baba yangu, ambaye naye alikuwa dereva. Alifariki akiwa na miaka 53. Mimi wakati huo nilikuwa na 47. Usiku ule nilifanya hesabu ya kutoa, na jibu lilikuwa sita.

Nilipewa vidonge, nikaambiwa nipunguze chumvi na nifanye mazoezi kidogo kidogo. Vidonge nilimeza. Maneno "kidogo kidogo" sikuyasikia. Nilikumbuka mchakamchaka wa shule ya msingi, miaka ya 1980, tulipokuwa tukikimbia alfajiri huku tukiimba, bila viatu na bila kuchoka. Basi asubuhi ya pili nilivua viatu nikakimbia mchangani muda wa saa nzima. Siku iliyofuata tena. Siku ya tatu kano ya kisigino cha kulia ikakaza kama kamba iliyolowa, na nikarudi nyumbani nikichechemea. Nilikaa wiki sita bila kukimbia hata hatua moja. Safari mbili zilipita bila mimi, nanyi mnajua kwamba dereva asiye na safari hana posho.

Hilo ndilo lililonifanya nisome jambo hili kwa utaratibu, na ndilo linalonifanya niliandike.

2. WANAOKAA NA WANAOSIMAMA

Sisi wafanyakazi huamini kwamba kazi yenyewe ni mazoezi ya kutosha. Kwa mvuvi avutaye nyavu, neno hilo lina ukweli. Kwa dereva, karani, fundi cherehani na mlinzi wa mlangoni, halina.

Ushahidi wa jambo hili ulipatikana kwa wafanyakazi wenzetu wa mabasi ya London. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya maelfu ya wanaume wa mabasi ya ghorofa. Katika kila basi walikuwamo wafanyakazi wawili: dereva aliyekaa kutwa, na kondakta aliyepanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Kondakta alipanda ngazi kati ya 500 na 750 kwa siku ya kazi. Watu hawa walifanya kazi kwenye gari moja na barabara moja. Hata hivyo ugonjwa wa mishipa ya moyo uliwapata makondakta kwa uchache kuliko madereva, na ulipowapata haukuwa mkali sana.

Wapo waliouliza kama madereva hawakuwa wanene tangu walipoajiriwa. Morris alilichunguza hilo pia, kwa kutumia vipimo vya sare walizopewa, na akakuta kweli kwamba madereva walikuwa na viuno vipana zaidi. Kwa hiyo sababu si moja tu. Lakini uchunguzi mwingi uliofuata umethibitisha jambo la msingi: moyo usiofanyishwa kazi hudhoofika.

Leo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima wafanye kila wiki dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya kadiri, kama kutembea kwa haraka, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi ya nguvu, kama kukimbia. Tafadhali ishike akilini namba 75. Tutarudi kwake.

3. JE, KILICHOPOTEA HURUDI?

Swali hili ndilo humkatisha tamaa mtu wa makamo. Husema, "Wakati wangu umepita." Tutazame mifano ya kweli.

Mwaka 1966, mjini Dallas nchini Marekani, madaktari waliwalaza kitandani vijana watano wenye afya, wa umri wa miaka 20, kwa muda wa wiki tatu mfululizo. Uwezo wa miili yao kutumia hewa ulishuka vibaya. Baada ya miaka 30, watu wale wale watano walipimwa tena. Sasa walikuwa na umri wa miaka 50, na uzito ulikuwa umeongezeka. Ikaonekana kwamba wiki tatu za kitandani ziliwadhoofisha kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Kisha wakapewa mazoezi ya kuongezwa polepole kwa miezi sita, kutembea, kukimbia taratibu na kuendesha baiskeli. Mwisho wa miezi sita uwezo wao ulikuwa umerudi pale ulipokuwa walipokuwa na miaka 20, kabla ya kulazwa.

Tusilikuze jambo hili kupita kiasi. Walikuwa watu watano tu, na hawakukifikia kile kiwango cha juu walichokipata ujanani baada ya mazoezi makali. Lakini funzo liko wazi: sehemu kubwa ya kile tunachokiita uzee ni kukaa.

Mfano wa pili ni Ed Whitlock. Alizaliwa Uingereza mwaka 1931, akawa mkimbiaji mzuri ujanani, akasomea uhandisi wa migodi, akahamia Kanada kufanya kazi, na akaacha mbio. Alirudi akiwa na umri wa miaka arobaini na kitu. Mwaka 2003, akiwa na miaka 72, alikimbia maratoni, yaani kilomita 42 na mita 195, kwa saa 2, dakika 59 na sekunde 10. Alikuwa mtu wa kwanza mwenye miaka 70 au zaidi kushuka chini ya saa tatu. Mazoezi yake yalikuwa kuzunguka makaburini karibu na nyumba yake, kwa mwendo wa pole, mzunguko baada ya mzunguko.

Mfano wa tatu uko karibu nasi. Edna Kiplagat wa Kenya alizaliwa mwaka 1979. Mwaka 2024, akiwa na miaka 44, alishika nafasi ya tatu katika maratoni ya Boston, mbele ya wasichana wengi ambao angeweza kuwazaa. Yeye hakuacha mbio kama sisi, lakini anatuonyesha kwamba miaka arobaini si ukuta.

4. KWA NINI POLEPOLE?

Mwili haurudi wote kwa mwendo mmoja. Hapa ndipo mimi nilipokosea, na ndipo wengi wanapokosea.

Damu hubadilika upesi. Katika wiki moja au mbili za mazoezi maji ya damu huongezeka, na moyo hupata nafuu. Misuli huhitaji wiki kadhaa. Kano na mifupa huhitaji miezi, kwa kuwa kano hupata damu kidogo kuliko misuli.

Dereva atalielewa jambo hili kwa mfano wa gari. Ukilifunga lori kuukuu injini mpya, litavuta. Lakini springi ni zile zile za zamani. Dereva akiusikiliza mlio wa injini tu, atapakia tani asizoweza kuzibeba, na springi itakatika njiani. Katika wiki ya tatu au ya nne ya mazoezi pumzi huwa imeanza kurudi, na mtu hujiona kijana. Hiyo ndiyo wiki ya hatari. Injini imekuwa mpya, springi bado. Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai.

5. MPANGO WA WIKI 12

Kabla ya kuanza, aliye na presha, kisukari, maumivu ya kifua, au aliyewahi kuzirai, apimwe kwanza. Wa Nchelenge na Kashikishi wanayo hospitali ya St Paul's, na wengine waende kituo cha afya kilicho karibu. Asiyeweza kutembea dakika 30 kwa haraka bila taabu, aanze na kutembea tu kwa mwezi mmoja.

Mazoezi ni siku tatu kwa wiki, na siku moja au zaidi ya kupumzika kati ya zoezi na zoezi. Kila mara anza kwa kutembea dakika 5, na umalize hivyo hivyo.

Wiki ya 1 na 2: kimbia dakika 1, tembea dakika 2, mara 8.
Wiki ya 3 na 4: kimbia dakika 2, tembea dakika 2, mara 6.
Wiki ya 5 na 6: kimbia dakika 4, tembea dakika 2, mara 4.
Wiki ya 7 na 8: kimbia dakika 7, tembea dakika 2, mara 3.
Wiki ya 9 na 10: kimbia dakika 12, tembea dakika 2, mara 2.
Wiki ya 11 na 12: kimbia dakika 25 bila kusimama.

Sasa jumlisha dakika za kukimbia peke yake. Kwa siku moja ni 8, kisha 12, kisha 16, 21, 24, na mwisho 25. Utaona kwamba hakuna hatua iliyo ndefu. Na dakika 25 kwa siku tatu ni dakika 75 kwa wiki. Ndiyo ile namba tuliyosema ishikwe akilini.

Mwendo uwe upi? Uwe mwendo wa kuongea. Ukiweza kusema sentensi nzima kwa mwenzako bila kuhema katikati, mwendo ni sawa. Ukiweza kuimba, ongeza kidogo. Ukitoa neno moja moja tu, punguza. Kipimo hiki hakina gharama, na mtu wa peke yake anaweza kukitumia. Mimi huwaamkia wavuvi wanaotandaza dagaa juani: "Mwashibukeni!" Nikishindwa kuumaliza mwamkio huo, najua nimezidisha.

Kama kano, goti au ugoko unauma na maumivu yanazidi kadiri unavyokimbia, simama. Rudia wiki iliyopita badala ya kwenda mbele. Kurudia wiki si kushindwa. Mimi wiki ya 5 na 6 niliirudia nzima.

6. DAFTARI LA MAENDELEO

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo. Nilipoanza upya mwezi wa sita nilinunua daftari la shule lenye kurasa 48, nikachora safu tano: tarehe, njia, muda, mapigo ya moyo ya alfajiri, na maelezo. Maelezo hayazidi mstari mmoja. "Upepo wa ziwani." "Sikulala vizuri." "Nimetoka safarini jana."

Daftari hufaa likifuata masharti manne.

Sharti la kwanza: njia ipimwe. Usikisie umbali. Funga kitambaa chekundu kwenye spoku ya gurudumu la baiskeli, kisha isukume baiskeli ukihesabu kila mara kitambaa kinapofika chini. Baiskeli ya kawaida ya inchi 28 husogea kiasi cha mita 2 na sentimita 20 kwa mzunguko mmoja. Kwa hiyo mizunguko 455 ni kilomita moja. Pima gurudumu lako mwenyewe kwa utepe wa fundi cherehani ili uwe na hakika. Mimi nilipima kilomita moja na nusu za barabara ya lami, kutoka mti mmoja hadi daraja dogo. Kwenda na kurudi ni kilomita tatu, na hiyo ndiyo njia yangu ya kipimo.

Sharti la pili: usilinganishe mchanga na lami. Wataalamu wamepima na kuona kwamba kukimbia kwenye mchanga mlaini hutumia nguvu kiasi cha mara 1.6 ya kukimbia kwenye ardhi ngumu. Ukikimbia Jumatatu barabarani na Jumatano ufukoni, halafu ukalalamika kwamba umerudi nyuma, kosa si la miguu yako. Kwa anayeanza, mchanga uachwe mpaka kano ziwe imara.

Sharti la tatu: pima mara moja tu kwa wiki nne, saa ile ile, kwa mwendo ule ule wa kuongea. Mimi hupima Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Siku nyingine sitazami saa isipokuwa kwa ajili ya dakika za mpango.

Sharti la nne: andika na siku mbaya. Daftari lenye siku nzuri tu ni barua ya kujisifu.

Mapigo ya moyo hupimwa hivi. Uamkapo, kabla ya kuinuka kitandani, weka vidole viwili juu ya mshipa wa kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Hesabu mapigo kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa 2.

Haya ndiyo matokeo yangu ya kilomita tatu. Mwanzo wa mwezi wa sita, kwa kukimbia na kutembea: dakika 26 na sekunde 40, mapigo ya alfajiri 82. Mwisho wa mwezi wa sita: 25 na 20. Mwisho wa mwezi wa saba: 23 na 40. Mwisho wa mwezi wa nane: 21 na 50, mapigo 74. Mwisho wa mwezi wa tisa: 20 na 50, mapigo 70.

Tufanye hesabu. Kutoka 26 na 40 hadi 21 na 50 ni pungufu ya dakika 4 na sekunde 50, yaani sekunde 290. Zigawe kwa wiki 12. Unapata sekunde 24 kwa wiki, kwa njia nzima ya kilomita tatu. Hakuna binadamu awezaye kuzihisi sekunde 24 miguuni mwake. Wiki hata wiki nilijiona nimesimama palepale, na utingo wangu alikuwa akicheka akisema bamudala anakimbia kama anatafuta mbuzi aliyepotea. Bila daftari ningeacha mwezi wa saba. Daftari lilinionyesha kile ambacho mwili ulikuwa ukikifanya kimyakimya.

Mwisho wa mwezi wa kumi muda ulipanda hadi 21 na 30. Nilihuzunika. Nikatazama safu ya maelezo, nikakuta nimeandika "joto" mara tisa. Mwezi wa kumi kwetu ni mwezi wa joto kali kabla ya mvua, na katika joto moyo hufanya kazi mbili: kuilisha misuli na kuupoza mwili. Sikuwa nimerudi nyuma. Kipimo kilikuwa kimebadilika. Kwa hiyo ulinganifu mzuri si wa mwezi na mwezi tu, bali wa mwezi huu na mwezi kama huu wa mwaka uliopita.

7. SIKU AMBAZO HAIFAI KUKIMBIA

Luapula ni miongoni mwa mikoa ya Zambia yenye malaria nyingi kuliko yote, na Nchelenge inajulikana kwa malaria isiyopumzika mwaka mzima. Kwa hiyo mkimbiaji wa huku ana sheria moja juu ya nyingine zote: mwenye homa hakimbii.

Hapa daftari lilinisaidia kwa namna ambayo sikuitazamia. Jumanne moja ya mwezi wa kumi na moja mapigo yangu ya alfajiri, ambayo yalikuwa yamezoea kuwa 70, yalikuwa 84. Sikuwa na homa, wala kichwa hakikuuma. Zamani ningevaa raba na kutoka, tena kesho yake nilikuwa na safari ya Mansa. Lakini nilikuwa nimejiwekea kanuni kwamba mapigo yakizidi kawaida kwa 10 au zaidi, sitoki. Nikalala tena. Saa tisa alasiri baridi ikanishika. Kipimo cha damu kikaonyesha malaria. Laiti ningekimbia asubuhi ile, kisha nikashika usukani alfajiri ya pili, sijui ningekuwa nimefika wapi na lori lenye tani kumi na kijana wa watu pembeni yangu.

Nilimeza dozi yote, nikapumzika mpaka dalili zikaisha na nguvu za kawaida zikarudi, kisha nikaanza tena kwa wiki ya 5 ya mpango, si ya 12. Mwisho wa mwezi wa kumi na mbili muda wangu ulikuwa 22 na 30. Mwezi huo uvuvi hufungwa kisheria ili samaki wazaane, na hufunguliwa mwezi wa tatu. Mizigo ilikuwa michache na nafasi ya kukimbia ilipatikana. Mwisho wa mwezi wa pili nilifika 20 na 10.

Mambo mengine ya kuangalia ni haya:

(a) Maumivu au kubanwa kwa kifua, kizunguzungu, au moyo kuruka mapigo: simama na uende hospitali siku hiyo hiyo.

(b) Vidonge vya presha visiachwe kwa sababu mtu anakimbia. Mazoezi ya kudumu hushusha namba ya juu ya presha kwa kiasi cha 5 hadi 8 kwa wengi wenye ugonjwa huo. Hiyo ni faida kubwa, lakini si badala ya dawa. Mwenye kuamua kupunguza dawa ni daktari.

(c) Usikimbie gizani kandokando ya barabara. Mimi nimeendesha gari usiku, najua jinsi dereva asivyomwona mtu. Ngoja mwanga, na ukimbie ukiyatazama magari yanayokuja.

(d) Usinawe miguu kwenye matete baada ya mbio. Ziwa Mweru lina mamba.

8. SAA ZA KAZI NA SAA ZA MWILI

Ndugu wasomaji, mtu atauliza: dereva anayetoka saa kumi alfajiri na kulala saa sita usiku atakimbia saa ngapi? Ni swali la haki, na jibu lake haliwezi kutolewa na miguu peke yake.

Mkataba namba 153 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1979, unahusu saa za kazi na mapumziko katika usafiri wa barabara. Unasema dereva asiendeshe zaidi ya saa 4 mfululizo bila mapumziko. Jumla ya uendeshaji isizidi saa 9 kwa siku wala saa 48 kwa wiki. Na katika kila saa 24 apate angalau saa 10 za mapumziko mfululizo. Mkataba ni kipimo. Kama vile tulivyopima barabara kwa gurudumu la baiskeli, tawi linaweza kuzipima saa za wanachama wake kwa kipimo hicho, na kuandika. Mwajiri anayeambiwa "tumechoka" atajibu kwamba kila mtu amechoka. Mwajiri anayeonyeshwa daftari la miezi mitatu, lenye tarehe na saa, itambidi ajibu hesabu.

Hali kadhalika, mapumziko yakipatikana tusiyamalize yote kwenye benchi la kilabuni. Dakika 35 mara tatu kwa wiki, pamoja na kutembea kwa mwanzo na mwisho, hazifiki hata saa mbili.

9. HALI ILIVYO SASA

Mwezi wa nne wa mwaka uliofuata, mwaka mmoja tangu siku ile ya magunia, nilipimwa tena. Presha ilikuwa 134 kwa 86, nikiwa bado ninameza vidonge. Mapigo ya alfajiri yalikuwa 66. Wiki hiyo hiyo gari lilikwama tena mahali pale pale, maana mchanga haujifunzi. Tulibeba. Nilibeba magunia manne, na baada ya la nne nilisimama wima nikinywa maji. Utingo wangu hakusema neno. Lakini jioni aliniuliza lile daftari linauzwa duka gani.

Hesabu yangu ya kutoa bado ipo. Sasa nina miaka 49, na jibu ni nne. Sijui kama nitaishi kuliko baba. Hakuna daftari linaloweza kumwahidi mtu hilo. Ninachojua ni kwamba yeye hakupata wa kumwambia, na mimi nimeambiwa. Ndiyo sababu nawaambia nanyi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika tawi lenu, ni kazi zipi zinazofanana na ya dereva wa basi la London, na zipi zinazofanana na ya kondakta?

2. Kwa nini wiki ya tatu na ya nne ni za hatari kuliko wiki ya kwanza?

3. Mwanachama mmoja alikimbia kilomita tatu kwa dakika 22 mwezi wa saba na kwa dakika 23 mwezi wa kumi. Ni mambo gani mtamuuliza kabla ya kumwambia kwamba amerudi nyuma?

4. Mwandishi aliamka na mapigo 84 badala ya 70 akaamua kutokimbia. Je, angekuwa na haki ya kukataa na safari ya kesho yake pia? Tawi lingemsaidia vipi?

KAZI YA NYUMBANI

Kila mwanachama apime kilomita moja karibu na nyumbani kwake kwa gurudumu la baiskeli, ahesabu mapigo yake ya alfajiri kwa siku saba, na ayaandike. Ayalete kwenye mkutano ujao. Hatutashindana kwa namba hizo. Kila mtu atashindana na ukurasa wake wa kwanza.